Kuhusu: Ombi la Kuhamisha Benchi

Redio ya kinyozi ndiyo iliyoanzisha yote. Mtaalamu mmoja, mwenye sauti ya mtu anayesoma wosia, alitangaza kwamba watoto wa siku hizi wamesahau kucheza, na kwamba mambo yakiendelea hivi tutapata kizazi kizima cha watu wasiojua hata kukimbia mvua. Kinyozi akaizima redio. Akatoka nje, kitana bado kimechomekwa nyweleni, akaketi kwenye benchi kwa huzuni ya mfiwa.

"Mmesikia wenyewe," alisema. "Watoto wamekwisha."

Ili haki itendeke, nieleze kwanza mahali penyewe. Zamani mtu fulani alitaka kujenga duka mtaani kwetu. Akamwaga sakafu ya saruji, laini kama sahani, kisha akatoweka na duka lake. Sakafu ikabaki, na hadi leo ndiyo mahali pekee palipo bapa katika mtaa mzima. Kwingine kote ni mteremko, mawe na mtaro. Katikati ya sakafu hiyo liko benchi la miguu sita, na juu ya benchi wako waheshimiwa watatu. Babu Soli, fundi viatu, ana miaka sitini na minne na sindano mdomoni. Kinyozi tunamwita Profesa, kwa sababu kila anachosema kimefanyiwa utafiti na yeye mwenyewe. Wa tatu ni Breki, dereva wa lori ambalo siku zote liko gereji. Pembeni shangazi yangu, Mama Birika, anauza kahawa. Mimi wananiita Bweni kwa sababu nasoma shule ya bweni, na nikija likizo hukaa juu ya kreti la soda. Kwenye benchi hakukaliki. Sheria ni moja: ukiinuka bila kuitwa na mteja, nafasi si yako. Breki aliwahi kuinuka kufunga kamba ya kiatu, akakaa juu ya jiwe wiki mbili.

"Sisi," Babu Soli alisema, "mpira tuliutengeneza wenyewe. Matambara, kamba, na soksi ya baba. Baba akiitafuta soksi yake, anaikuta golini."

"Soksi ya baba!" Breki alishtuka. "Kumbe mlikuwa watu wenye uwezo."

"Nyamaza. Nyinyi ndio mlioharibu kila kitu. Nyinyi ndio wa kwanza kucheza mmekaa."

"Babu, michezo ya runinga ilikuwa na jasho! Watoto kumi na wawili, kidude cha kubonyeza kimoja. Kuipata zamu yenyewe ilikuwa mieleka. Mimi hili kovu la nyusi nimelipata sebuleni."

"Utafiti unaonyesha," Profesa aliingilia, "kwamba watu wote waliozaliwa baada yangu wana vidole gumba vinene kupita kiasi."

"Utafiti wa nani?"

"Wangu. Nikiwanyoa naviona vinavyoshika kiti. Enzi zetu kidole gumba kilikuwa cha gololi. Nilikuwa na gololi mia nne mimi! Watu walinipisha njiani."

"Watu gani?"

"Wasio na gololi."

Mama Birika aliguna, akamwaga masalia ya kahawa mtaroni. "Wanaume bwana. Hakuna hata mmoja anayetaja mdako. Unarusha kokoto juu, unachota saba chini, unaidaka ile ya juu kabla haijatua. Mimi nilikuwa nachota huku nasuka nywele za dada."

"Kwa mkono gani?" Breki aliuliza.

"Ule ambao ningekuzaba nao kibao kama ungekuwepo."

Babu Soli alitoa sindano mdomoni, ishara kwamba anakwenda kusema jambo zito. "Mimi nilikuwa na ringi ya baiskeli. Nimeiendesha kwa kijiti tangu darasa la kwanza mpaka la saba. Mama akinituma chumvi, siendi bila ringi. Nikifika dukani naipaki, nikitoka nairudisha nyuma kwanza, halafu ndiyo naondoka."

"Na abiria?"

"Abiria nilikuwa nawakataa. Hawakuwa na ustaarabu." Aliunyoosha mkono wenye sindano kuelekea ng'ambo, ambako watoto saba walikuwa wamejipanga kwenye ukingo wa mtaro, vichwa vimeinama juu ya simu moja. "Sasa watazame hao. Saba, simu moja. Wameizunguka kama mgonjwa mahututi. Hivi huo ni mchezo?"

Wote watatu wakasonya kwa pamoja. Msonyo ulikuwa mzuri, wenye mpangilio.

Hapo ndipo alipofika Spika. Huyu ni mjukuu wa Babu Soli, yuko darasa la nne, na jina alipewa kwa sababu ya sauti: akimwita mwenzake hapa, mbwa wa mtaa wa tatu anaitika. Alikuwa amechomekea shati lake, jambo ambalo si la kawaida, na ameshika bahasha.

"Shikamoo babu. Shikamooni wote."

"Marahaba, mke wangu. Umeleta nini?"

"Barua. Yenu."

Profesa akaipokea, akakohoa, akaisoma kwa sauti ya kutangaza matokeo ya mtihani:

"Kwa Waheshimiwa Wakaaji wa Benchi. Kuhusu: Ombi la kuhamisha benchi. Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Sisi watoto wa mtaa huu, tukiwa na akili timamu na magoti yenye makovu, tunaomba benchi lihamishiwe ukutani kwa gereji, hatua kumi na moja kutoka hapa, penye kivuli. Sababu ni kwamba mmekaa juu ya uwanja. Mteremkoni mpira ukitutoka tunaufuata mpaka kwa muuza mkaa, na kamba hairukiki mguu mmoja ukiwa juu na mwingine chini. Likizo imebaki wiki moja. Tunatanguliza shukrani, pamoja na pole."

Kisha wote wakageuka kunitazama mimi. Nikayachunguza mawingu, ambayo siku hiyo hayakuwepo.

"Ada inalipwa kule bwenini ili mtu ajifunze haya," Babu Soli alisema polepole.

"Ngoja kwanza," Breki alikunja uso. "Yaani tumekaa hapa asubuhi nzima, tunalia kwamba watoto hawachezi, kumbe sisi ndio—"

"Usiimalizie hiyo sentensi," Babu Soli alimkata.

"Tatizo si uwanja," Profesa alisema, akiikunja barua. "Tatizo ni moyo. Sisi tulicheza kwenye miba! Kwenye mteremko mkali kuliko huu! Mtoto mwenye moyo anacheza popote."

"Basi mjomba," Spika alisema kwa adabu kubwa, "nyinyi wenye moyo hamieni mteremkoni na benchi lenu."

Mama Birika akageukia jiko lake ghafla. Mabega yalikuwa yakitikisika.

Babu Soli hakutikisika. Alimtazama mjukuu wake, akatazama sakafu, akaweka kiganja juu ya ubao wa benchi kama mtu anayempapasa ng'ombe wake. "Mke wangu, hata tukiwapa mtaifanyia nini? Hamjui mchezo hata mmoja. Kombolela mnaijua?"

Spika alinitupia jicho. Nikajikuna sikio.

"Hatuijui, babu," alisema. "Ndiyo nini?"

Kwa ajili ya kumbukumbu, niseme kwamba juzi yake mtoto huyu alicheza kombolela mpaka sketi ikapasuka. Lakini uongozi una mambo yake.

"Haijui kombolela!" Profesa alishika kichwa. "Sikiliza. Mnaweka kopo katikati. Mmoja analilinda. Anafumba macho, anahesabu, wengine wanajificha. Akikuona anakutaja jina, anakanyaga kopo, umekamatwa."

"Hakanyagi," Breki alisema. "Anagonga mara tatu."

"Anagonga na nini? Anakanyaga!"

"Kwetu ilikuwa kugonga."

"Kwenu mlikuwa ndani mnabonyeza!"

"Nyinyi mnaacha la maana," Babu Soli alipandisha sauti. "Aliyejificha akiwahi kulipiga teke kopo, anaita kombolela, na wote waliokamatwa wako huru. Na mlinzi akikosea jina la mtu, anaanza upya. Ndiyo maana tulikuwa tunabadilishana mashati, ili aone shati lako amtaje mwingine. Hiyo ndiyo akili!"

Spika alisikiliza mpaka mwisho, uso umejaa ujinga wa kusomea. "Sijaelewa. Mnajificha mmekaa?"

"Nani kasema tunakaa?"

"Sasa mbona mmekaa? Mwalimu wetu anasema usipofanya kwa vitendo hujafundisha."

Waheshimiwa walitazamana. Lilikuwa suala la hadhi sasa. Babu Soli alichoma sindano kwenye soli ya kiatu cha mtu.

"Sawa. Tunajificha sisi watatu, wewe unalinda. Ukitukamata wote kabla kivuli cha ile nguzo ya umeme hakijagusa mtaro, benchi linahama, neno langu hilo. Usipotukamata, haliguswi mpaka nife."

"Usiseme hivyo, babu."

"Basi mpaka wewe ustaafu."

"Nihesabu mpaka ngapi?"

"Mia. Kwa sauti, tukusikie. Na hakuna kuchungulia. Sisi tulikuwa hatuchungulii."

"Kabisa, babu?" Breki aliuliza.

"Tulichungulia kwa heshima."

Ikabaki kazi ya kuinuka. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Wakakubaliana wainuke pamoja, wakahesabu tatu, wakadanganyana, wakahesabu tena, wakadanganyana tena. Mara ya tatu magoti sita yalilia kwa mpigo, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nikaliona benchi lile likiwa tupu mchana. Lilikuwa refu kuliko nilivyodhani.

Hawakwenda mbali. Watu wazima watatu, wenye dunia nzima ya kujificha, walichagua kichochoro kimoja kando ya kibanda cha kinyozi: Babu nyuma ya pipa la maji, wenzake nyuma ya magunia ya mkaa. Na kwa kuwa akili ni akili, wakabadilishana nguo. Babu alivaa koti jeupe la kinyozi, Profesa akajifunga aproni ya ngozi ya fundi viatu. Breki, ambaye hakuna nguo ya mtu inayomtosha, alivua tu shati akabaki na fulana ya ndani.

"Moja! Mbili! Tatu!" Spika alianza, uso kwenye nguzo.

Kumi na tano, watoto saba walikuwa wameshafika kwenye benchi. "Inueni kwa miguu, msiinue kwa mgongo," shangazi aliagiza, birika mkononi, akiwatangulia. Thelathini, benchi lilikuwa limevuka barabara. Arobaini, kamba ilikuwa inazunguka, na Spika, bila kuruka hata namba moja, akatoa uso kwenye nguzo akaingia katikati ya kamba.

Mimi, nikiwa mtu wa haki, nilikwenda kichochoroni kuhakikisha wazee hawachungulii.

"Sitini na nane... sitini na tisa... aah! Moja! Mbili!"

"Mbona ameanza upya?" Profesa alinong'ona.

"Hesabu imempotea," Babu Soli alijibu. "Watoto wa siku hizi mashine ndiyo inawahesabia. Sisi mia tulikuwa tunaivuta kwa pumzi moja."

"Sasa mbona ni sauti nyingine?"

"Wanapokezana. Wameshachoka."

"Na hii ndu, ndu, ndu ni nini?"

"Ni miguu ya wanaowasaka," nikasema. "Wako karibu mno."

Breki alijididimiza nyuma ya gunia mpaka akabaki nywele tu. Walikaa hivyo muda mrefu. Nyuso zao zilikuwa nyeusi kwa vumbi la mkaa, na zilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona juu ya benchi.

Mara mama mmoja akachungulia kichochoroni, kiatu mkononi. "Fundi, kisigino changu kiko tayari?" alimuuliza mwenye aproni.

"Mimi kinyozi," Profesa alinong'ona. "Inama, mama, utatuponza!"

"Na huyu mwenye koti la kinyozi?"

"Fundi viatu."

"Na huyo asiye na shati?"

"Dereva."

Yule mama aliwatazama mmoja mmoja kwa huruma. "Mmefukuzwa majumbani?"

"Tunajificha. Tunatafutwa."

"Na nani?" Aligeuka kutazama sakafuni, akageuka tena. "Hakuna anayewatafuta, baba zangu. Watoto wanaruka kamba. Na benchi lenu liko ukutani kwa gereji, Mama Birika amelikalia."

Babu Soli alichomoka nyuma ya pipa, koti jeupe likipepea. Akasimama ukingoni mwa sakafu. Aliliona benchi ng'ambo, kivulini, likiwa zuri kuliko siku zote. Aliiona kamba. Aliutazama mtaro, na kivuli cha nguzo kilikuwa kimeshauvuka zamani.

"Wee!" alipaza sauti. "Muda umekwisha! Hujatukamata hata mmoja! Tumeshinda!"

Spika alikuwa hewani. "Arobaini na nne. Arobaini na tano. Babu, mbona umetoka? Arobaini na saba. Sijafika mia."

"Unasemaje?"

"Sijamaliza kuhesabu. Arobaini na tisa. Ulisema mpaka mia."

Babu akageukia kichochoroni kutafuta msaada wa kisheria.

"Ana haki," sauti ya Profesa ilisema kutoka kwenye magunia. "Hesabu haijaisha. Kutoka kabla ya mia ni kosa, hata enzi zenu."

Babu Soli alisimama kidogo akiitazama kamba inavyogonga saruji. Kisha akainua kola ya koti, akainama kadiri mgongo ulivyomruhusu, akarudi kwa vidole vya miguu, safari hii mpaka nyuma ya magunia ya wenzake.

"Breki, sogea," alinong'ona. "Na mtu asikohoe."