Waya wa Orutu ya Mita Nne

Jumatatu, 5 Agosti
Waya wa orutu yangu, fidla ya Kijaluo ya waya mmoja, umepotea. Jana jioni ulikuwa nyuma ya mlango, umekunjwa vizuri. Asubuhi hii haupo. Kipande kimoja kirefu, bila kiungo hata kimoja!

Jumamosi binti yangu Emily anaolewa na Derrick wa Sagalla. Nimeshawatangazia wakwe kwamba atatoka kanisani kwa orutu ya mita nne, kazi ya mikono yangu. Orutu ya kawaida haifiki hata mita moja. Wapige hesabu wenyewe.

Namshuku jirani, Wanyonyi. Ana kifidla chake cha waya mmoja, na juzi aliuliza waya wangu unaendeleaje. Mtu mwema haulizi hali ya waya. Mke wangu Branice alitaka kusema kitu. Nikamwambia asinikatize, nachunguza.

Jumanne, 6 Agosti
Nimejaribu kebo za klachi za bodaboda, nne, nimeziunganisha. Upinde ukifika kwenye fundo unaruka. Mshipi wa samaki: kimya. Kamba ya mkonge: inakohoa. Miaka yote ile niliyokata mkonge mashambani, na haya ndiyo malipo!

Wanyonyi akachungulia. "Mzee Oloo, hiyo ni orutu ama ni ngazi?"

Ningemchunguza zaidi, lakini Branice amejaza uani blanketi mbichi, sioni ng'ambo. Akaanza tena kusema. Nikaenda kuoga.

Alhamisi, 8 Agosti
Sagalla, kwa baba yake Derrick, Mzee Donald, kupanga mambo ya hema. Nikaona waya! Mrefu, umezunguka shamba lote, kutoka mzinga hadi mzinga. Donald alinieleza zamani: ndovu akiugusa, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, ndovu anatoroka.

Nilipoachwa peke yangu nikatoa koleo, nikapiga hesabu. Ndovu ana tani tano. Mimi sina hata kilo themanini. Waya hautanihisi.

Ulinihisi.

Ijumaa, 9 Agosti
Jicho moja linafunguka. Vidole vya kushoto havikunjiki. Donald aliniambia kwa adabu kubwa kwamba kama nilitaka asali ningesema tu. Nikamjibu nilikuwa nakagua ua.

Branice akanipaka kitunguu usoni, akasubiri nifumbe mdomo, akasema, "Baba Emily, waya wako uko uani. Si ulisema lazima uvutwe kwa uzito kabla ya kupigwa? Ndiyo nimeuanikia blanketi."

Nikatoka. Nikaondoa blanketi. Nikaugonga kwa ukucha.

Uliimba.

Jumamosi, 10 Agosti
Bila vidole hakuna nyimbo. Emily, tayari amevaa shela, akamwita Wanyonyi ashike upande wa kubonyeza. Mimi nikasukuma upinde upande wa pili. Tulikuwa mbali kiasi kwamba hatukuweza kugombana. Emily alicheza mpaka getini. Donald alifuta macho. Nadhani mimi pia, lakini hilo ni jicho la nyuki.

Sasa nimekaa nafikiri. Wanyonyi hakukosea hata noti moja. Kwa waya wa mita nne, ambao hajawahi kuushika! Alifanyia mazoezi wapi? Na nani alikuwa ng'ambo ya zile blanketi wiki nzima?

Nimemtumia ujumbe: Wanyonyi, ulibonyeza waya wangu chini ya blanketi, ndiyo au la? Usinieleze habari za shukrani wala za harusi. Nataka jibu kesho saa mbili asubuhi, kabla ya kanisa.