Shanta Nyeusi na Macho Mapya ya Mama Mkwe

Jumatatu, 2 Machi 2009

Leo dunia imenikumbuka! Mimi, Sylvanus Wanjala, mtunza stoo wa kampuni ya uwindaji hapa Nakasero, miaka minne nikihesabu vigingi vya mahema, huenda nikaenda porini. Bosi wetu, Mzee Ogwal, kasema wageni wawili wanakuja kuwinda nyati, na kampuni itanunua shanta sita za kubebea nyama. Muuzaji ametuachia mbili za kujaribu. Moja ina fremu ya nje, mabomba ya alumini yako wazi, mfuko umefungwa juu yake. Ya pili fremu imefichwa ndani ya kitambaa. Nyeusi, nyembamba, inashika mgongo kama mtoto aliyebebwa. Atakayechagua fremu inayofaa atapanda gari kwenda kuzisimamia. Nafasi moja. Tuko wawili, mimi na Hippolyte, Mkongo anayeshona mahema.

Lazima niende mimi. Sababu naiandika hapa tu, maana Loice, mke wangu, hawezi kusoma mwandiko wangu. Siku ya kupeleka mahari kule Bungoma niliwaambia wakwe kwamba mimi ni mwindaji. Sijui nilipatwa na nini. Pombe ya busaa, nadhani. Nikamwahidi mama mkwe mkia wa nyati, mumewe atengeneze usinga. Huu mwaka wa tatu, na baba mkwe bado anafukuza nzi kwa gazeti.

Na sasa mama mkwe yuko Kampala! Amekuja hospitali ya Mulago kuondolewa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Analala kwa Santina, jirani yetu wa chini hapa Bukoto, kwa sababu kwetu mama mkwe na mkwewe hawalali nyumba moja, hawapeani mkono, hawatazamani ovyo. Asubuhi nimejificha nyuma ya tangi la maji dakika arobaini. Kumbe alikuwa anaota jua tu, na wala haoni.

Jumanne, 3 Machi

Nimechagua. Fremu ya ndani! Nimeivaa mbele ya kioo cha chooni. Upande wa kushoto nafanana na komando. Ile nyingine ni dirisha lililotiwa mikanda. Mwindaji gani anatembea na dirisha?

Nimemweleza Mzee Ogwal kwa dakika kumi na tano. Alikuwa askari wa wanyamapori zamani, hana subira na hotuba. Kasema maneno hayabebi nyati. Alhamisi kila mtu apakie paja la ng'ombe, atoke nalo sokoni Nakasero, afike Bukoto, arudi ofisini. "Nani nafika bila kupumzika na nyama iko sawa, huyo ndiyo naenda. Nyati hapana mchezo."

Dirisha nimemwachia Hippolyte kwa moyo mkunjufu. Akanishukuru! Watu wengine hawajui hata wanapopigwa.

Jumatano, 4 Machi

Upasuaji wa jana umekwenda vizuri. Bandeji zinafunguliwa kesho saa nne. Loice kaniambia kesho asubuhi nisikanyage Mulago kabisa, mama yake asije akakutana na mimi kwenye korido. Nimekubali. Kweli njia ya Bukoto inapita pale pale kilimani, lakini barabara ni ya watu wote.

Kazi nyingine ya leo: Hippolyte alipokwenda kula, nimefungua mikanda ya mabega ya lile dirisha na kuiweka ndani ya buti langu la mvua. Si wizi. Ni kuhamisha. Aliporudi akatafuta chini ya meza, akatafuta kwenye mahema, akanitazama. Mimi nikahesabu vigingi. Basi akakata utepe mpana wa hema, akaufunga kwenye mabomba, akauweka kwenye paji la uso wake. Nikamwuliza ni ugonjwa gani huo. Akasema kwao Masisi mama yake alipandisha viazi mlimani namna hiyo miaka yote. "Mugongo inasaidiaka tu, ndugu. Kichwa njo inabebaka."

Nimecheka mpaka nikakaa chini. Kichwa! Nafasi ya gari ni yangu. Nimekwisha chagua na kofia.

Alhamisi, 5 Machi

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi.

Saa tatu tulikuwa kwa Opio mwenye bucha. Mapaja mawili, kilo thelathini kila moja, bado ya moto kutoka machinjioni. Langu likaingia ndani ya shanta nyeusi, kwato ikachungulia juu kidogo. Nikakaza mkanda wa kiunoni. Raha! Mzigo umenishika kabisa. Hippolyte akafungia lake kwenye mabomba kwa kamba, wazi, upepo unapita, akainamisha kichwa, akaondoka polepole kama mtu anayetafuta sindano. Nikampita pale Wandegeya. Nikampungia mkono.

Kwenye kilima cha Mulago nikasikia mgongo umelowa. Jasho, nikasema. Kisha suruali. Kisha mbwa wawili. Mama mmoja wa ndizi akaniona kwa nyuma akapiga kelele, "Banange, mtu nakufa!" Nikasema sifi. Hakuna aliyenisikiliza. Wanaume wanne wa boda boda wakanibeba, mimi na shanta na paja, wakanikimbiza mpaka chumba cha dharura cha hospitali.

Nesi akauliza nimekatwa wapi. Nikasema ni ng'ombe. Akaandika "ng'ombe" akauliza alinipiga pembe saa ngapi. Nikasema ng'ombe yuko ndani ya begi. Akawatazama wenzake kwa huruma. "Ssebo, tulia. Wewe nakufa lakini hujui." Wakanivua shanta, wakachukua mkasi, wakakata shati langu la Jumapili kuanzia kola mpaka chini, wakitafuta tundu.

Nikaona mlango. Nikanyakua paja, nikaliweka begani, nikakimbia. Korido ya kwanza kulia, ya pili kushoto, benchi refu, watu wametulia. Katikati ya benchi, Loice. Kando ya Loice, mama mkwe. Bandeji ya mwisho ilikuwa ndiyo kwanza inatoka.

Miezi minane mwanamke huyu hajaona jua. Amefumbua macho. Kitu cha kwanza alichoona ni mkwewe, kifua wazi, damu mpaka kiunoni, na mguu wa mnyama begani.

Akayafumba tena. Mimi nikasema, "Shikamoo, mama." Sijui kwa nini. Hata sasa nikikumbuka nauma mto.

Ijumaa, 6 Machi

Hippolyte alifika Bukoto, akarudi Nakasero, shati kavu, nyama imepoa vizuri, akanywa chai. Mzee Ogwal ameagiza shanta sita za fremu ya nje, zote ziwekewe utepe wa kichwani. Na Hippolyte anapanda gari. Utepe ule ungekuwepo bila mimi kuhamisha mikanda? Hakuna aliyenishukuru. Hippolyte tu ndiye aliyeniuliza kama mvua itanyesha, huku akitazama buti langu.

Nimechunguza chanzo cha kushindwa kwangu. Ni Opio. Nyama ilikuwa mbichi mno.

 Jioni Loice kaniambia mbuzi wa kuondoa aibu atapelekwa Bungoma, hilo halina mjadala. Lakini mama yake amekwisha piga simu nyumbani. Amewaambia wote kwamba alikuwa na mashaka na huyu kijana, sasa hana tena, amemwona kwa macho yake mwenyewe akirudi kutoka mawindoni. Ana swali moja. Mkia uko wapi?

Loice alikuwa ananitazama. Najua alichotaka niseme. Ni maneno matatu tu, "Mimi si mwindaji," na mdomo ulikuwa umeshafunguka.

Nikasema uko ofisini, unakauka.

Jumatatu, 9 Machi

Mama mkwe anapanda basi la saa tano kurudi Bungoma. Kila kitu kiko tayari! Saa kumi na mbili nimekwenda kwa Opio, nimepata mkia wa fahali mweusi, amechinjwa alfajiri. Nimeupaka dawa ya viatu mara mbili. Nyati ni nani? Ni ng'ombe mwenye hasira. Loice ataupokea, amkabidhi mama yake dirishani mwa basi, mimi nisimame mbali kwa heshima, kifua mbele.

Nimevaa shati jeupe. Na mzigo wa heshima haubebwi ndani ya mfuko wa plastiki. Shanta nyeusi nimeichukua Mulago, muuzaji ameikataa kwa sababu ya madoa, kwa hiyo sasa ni yangu. Nimeukunja mkia ndani, nimekaza mkanda wa kiunoni. Inanikaa, jamani!

Naandika hapa stendi, nimeegemea ukuta. Mama mkwe ameketi dirishani na miwani yake mipya, anatazama kila kitu. Kuna mbwa amekuja kukaa karibu yangu. Loice ananionyesha ishara kuhusu mgongo wangu. Mgongo umelowa kidogo. Jasho.