Honi ya Nguruwe Kwenye Usaili Wangu

Jamani, leo nimeaibika mpaka unyayo. Kibiti nzima washajua, kwa hiyo bora na nyie mlisikie kwangu.

Nimeomba kusoma shahada ya uzamili kwenye maabara moja ya uhandisi huko Dar, pamoja na ufadhili. Nafasi ni moja tu. Mwaka jana nilikosa. Nikamwambia mama mdogo, ninayeishi kwake, kwamba nikikosa tena nakwenda kulima. (Alicheka sana. Hajawahi kuniona na jembe.)

Usaili ulikuwa leo saa nne asubuhi, kwa video. Profesa ni mama wa makamo, miwani puani, uso hauna utani.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Umesoma kazi zetu?"

"Nimesoma makala zako zote, Profesa."

"Zote?"

"Zote!" (Ulimi huu.)

Akataka kujua kuhusu mashine niliyoiandika kwenye maombi. Nikaeleza. Babu yangu analima mahindi Mloka, lakini wanaovuna ni nguruwe pori. Basi nikamuundia sanduku lenye kitambuzi cha mwendo. Mnyama akipita mbele yake, honi ya spika, ile ya kutangazia mikutano, inatoa sauti ya babu niliyomrekodi: "Toka hapo, mlafi mkubwa we!" Kila kinapotikisika kitu mbele yake, inaanza upya.

"Unayo hapo?"

"Ninayo."

"Iwashe tuone."

Nikaiweka juu ya stuli, nikawasha, nikapunga mkono. Nikamsubiri babu.

Ikatoka sauti yangu.

Jana nilijirekodi nikifanya mazoezi ya usaili, najijibu na kujisuta mwenyewe, nijisikie ninavyoongea. Kumbe kwenye sanduku nimechomeka kadi ya kumbukumbu yenye mazoezi hayo badala ya ile yenye sauti ya babu!

"NIMESOMA MAKALA ZAKO ZOTE, PROFESA," honi ikanguruma. "ZOTE WAPI, MWONGO WE! UMESOMA MBILI. NA YA PILI ILIKULAZA UKURASA WA TATU!"

Nikairukia swichi. Kosa kubwa! Swichi niliiweka mbele, chini ya kitambuzi chenyewe. Nikisogea, kinaniona. Kikiniona, kinaanza upya.

"NIMESOMA MAKALA ZAKO ZOTE, PROFESA..."

Mama mdogo akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi. "Kuna nini?" Kikamwona na yeye. Mara ya tatu! Nje, madereva wa bodaboda wakazima pikipiki zao ili wasikie vizuri.

"Usitikisike!" nikamfokea. (Mtu mzima, mama yangu yule. Mungu anisamehe.)

Tukasimama kama nguzo za umeme, mchuzi unadondoka kwenye mwiko. Kwenye skrini Profesa naye katulia tuli. Nikajua bando limekwisha, nikashukuru. Kumbe Profesa kaziba mdomo kwa kiganja, mabega yanamcheza.

Ilibidi nilale chini, nitambae kwa tumbo mpaka nyuma ya stuli, nichomoe waya wa betri. Nikarudi kwenye kiti na vumbi kifuani.

Profesa akavua miwani, akajifuta macho.

"Binti, kitambuzi kinafanya kazi vizuri sana. Sasa swichi nani aliiweka pale?"

"Mimi, Profesa."

"Na ile makala ya pili?"

"Ukurasa wa tatu, Profesa. Kweli tupu."

"Leo nimepata jibu moja la kweli. Niandikie kurasa mbili, jinsi utakavyolirekebisha hilo kosa la swichi. Nizipate Jumatatu. Na usome makala mpaka mwisho, maana nitakuuliza."

Sijakubaliwa, sijakataliwa. Nimetoka kwenda kununua vocha, dereva mmoja wa bodaboda akaniita: "Profesa! Leo tunalala ukurasa wa ngapi?" Nimerudi bila vocha.

Basi nawaombeni msicheke. Mama mdogo ameshacheka kwa niaba yenu, na wali umeungua.