Daktari wa Mikono

Uso wa yule mama ulikuwa wa miaka arobaini, lakini mikono yake ilikuwa inasema ukweli. Daktari, ambaye udaktari aliupata kwa kununua koti jeupe, aliiona mikono hiyo kwenye foleni ya duka la dawa: mishipa imetuna, ngozi imekunjamana, na kidoleni jiwe linalometameta. Mkewe alikuwa amemfukuza mpaka apate kazi ya halali, na akiba ya kufungulia duka la taa ilikuwa imebakiza kidogo tu itimie. Jiwe lile lingemrudisha nyumbani.

Akamwamkia kwa heshima zote, akamweleza habari za sindano za jeli zinazojaza mikono ikarudi ujanani. Hakutaja kwamba jeli yake ni maji ya chumvi, ambayo hutunisha ngozi leo na kesho hayapo.

Mchana ule ule alikuwa sebuleni kwa mama, mkoba wazi. Mama akasema ataona kwanza kwa macho yake, kwa hiyo daktari ajichome yeye. Daktari hakuona shida. Akajidunga mkono wa kushoto, ukaumuka vizuri, mama akasifu, akavua pete na kufumba macho kama alivyoagizwa, eti mishipa isishtuke. Kufumba na kufumbua, pete ilikuwa kwenye kidole cha mkono ule ule wa kushoto wa daktari, chini ya glavu aliyoivaa haraka.

Mama alipochomwa na kufumbua macho, akataka kulinganisha.

“Hebu vua glavu, mwanangu.”

Daktari alijikohoza, akageuka pembeni, akavua glavu, akavuta pete. Maji yalikuwa yameshateremka mpaka vidoleni. Akavuta tena, jasho likamtoka. Pete haikwenda popote.

“Kumbe umeipenda,” mama akasema kwa upole. “Mimi si mchoyo. Lipa tu, uende nayo. Au nimwite mpwa wangu askari, yupo jikoni anakula.”

Jikoni kijiko kiligonga sahani. Daktari akafungua mkanda wa kiunoni alimoweka akiba, duka la taa likahamia mezani kwa mama, naye akatoka akijifariji kwamba almasi ni almasi, ataiuza kwa faida na mke atafungua mlango.

Sonara aliikata pete kidoleni mwake taratibu, akalipeleka jiwe kwenye mwanga, akacheka mpaka akakaa.

“Hiki ni kioo, ndugu yangu. Pete hii nilimtengenezea mimi mwenyewe yule mama wa mikono iliyokunjamana. Huwa anaivaa anapokwenda kutafuta madaktari.”