Matanga ya Nyota Nyekundu

Jumatatu, 2 Julai 1956. Mlandege, Iringa.

Kiti kiko wazi! Mzee Ezekia, mwenyekiti wa Chama chetu cha Kuzikana cha Wageni, amehamia Njombe kwa mwanawe. Ameondoka asubuhi na kuku wake wote. Ufunguo wa stoo ya chama, yenye masufuria, majamvi na jeneza, umebaki kwangu msumarini, maana mimi ndiye katibu. Jumapili tunachagua mwingine.

Nakitaka kiti kile. Si kwa cheo. Machi iliyopita tulimzika Mwinyimvua, fundi saa, mtu wa Kilwa, mpole kuliko maji ya mtungini. Mvua ilinyesha. Tulikuwa wachache hata ikabidi dereva wa lori aliyekuwa akipita aombwe kushika upande mmoja wa jeneza. Nilirudi nyumbani na matope magotini na swali moja kichwani. Mimi Alawi nilitoka Mbwamaji, kule pwani, nikiwa kijana, nimezeekea Iringa kwenye baridi, sina mke, sina mtoto. Mimi nani atanibeba? Lakini mwenyekiti! Mwenyekiti habebwi na mpita njia.

Mpinzani ni mmoja: Isihaka, fundi cherehani. Yeye Mnyamwezi, mimi Mzaramo, kwa hiyo ni mtani wangu na ana haki ya kunitukana bure. Ana sauti, ana kicheko, ana baraza linalopata jua la asubuhi. Mimi nina vitabu. Lazima vitabu vishinde.

Jumatano, 4 Julai

Situlii. Nimekaa, nimesimama, nimepanga vitabu kwa ukubwa, kisha kwa rangi. Nimekwenda sokoni, nikasahau nilichofuata, nikarudi.

Mpango uko tayari. Ijumaa, baada ya Magharibi, nitatoa mhadhara juu ya maisha na mauti ya nyota, tena barazani kwa Isihaka, uwanjani kwa adui! Chama cha kuzikana kinataka mtu anayeyajua mauti. Na yapo mauti makubwa kuliko ya nyota?

Nimeyarudia magazeti ya Kiingereza aliyoniachia mwalimu mmoja alipohamishiwa Tukuyu. Nyota ni moto unaogombana na uzito wake. Uzito unavuta ndani, joto linasukuma nje. Nguvu zikilingana, nyota hukaa mamilioni ya miaka ikichoma haidrojeni na kuigeuza heliamu. Kuni zikipungua, huvimba na kuwa nyekundu. Iliyo ndogo humwaga maganda yake, ikabaki kaa jeupe linalopoa polepole. Iliyo kubwa huporomoka ndani kwa ghafla, kisha hulipuka, ikang'aa kuliko nyota zote za jirani zikiwekwa pamoja. Majivu hutapakaa, na katika majivu huzaliwa nyota nyingine. Wapo wanaosema hata chuma cha jembe kilipikwa humo.

Sehemu ya pili ndiyo itakayowamaliza. Zaidi ya miaka ishirini iliyopita mtaalamu mmoja alilitazama kundi la galaksi, yaani miji mizima ya nyota. Akaona zinakimbia mno. Kwa uzito wa vile vinavyoonekana, kundi lilipaswa kuwa limeshatawanyika zamani. Halijatawanyika. Basi kuna kitu kizito kinacholishika, hakiwaki, hakionekani, na hakuna ajuaye ni kitu gani. Wenzake wengi hawakumjali.

Nimeijaribu hesabu hiyo kwa chama chetu. Wanaume tunagombana kila mkutano. Kwa kasi ile, chama kilipaswa kufa mwaka ule ule kilipoanzishwa. Hakijafa. Kinashikwa na nini? Nimefikiri kutwa. Jibu: katiba, niliyoiandika mimi.

Jioni jirani yangu Bi Chiku alikuja kuchukua ufunguo, kuna masufuria ya chama yanataka kusuguliwa. Nikamjaribia sehemu ya pili. Alisikiliza na sufuria kichwani, kisha akauliza hicho kisichoonekana hushukuriwa lini. Swali lisilo la kisayansi kabisa. Nikaazima karabai yake kwa ajili ya Ijumaa.

Ijumaa, 6 Julai

Naandika kwa shida. Kidole gumba kimepakwa mafuta ya ng'ombe.

Watu walijaa. Anga safi, mwezi hakuna, baridi ya kukata masikio. Nilianza vizuri. Niliwaonyesha Moyo wa Nge, ile nyota nyekundu iliyokuwa imepanda juu ya mapaa. Nikasema imezeeka na imevimba. Nuru mnayoiona iliondoka huko kabla babu zenu hawajazaliwa. Huenda yenyewe imeshakufa na habari haijatufikia. Kimya! Kimya kizuri sana. Hata Isihaka alifunga mdomo. Asukile, fundi mwashi wa Kinyakyusa na mzee wa kanisa, alivua kofia.

Hapo ningekaa. Sikukaa. Nilikuwa na karabai.

Nikasema: hii ndiyo nyota, mafuta ndiyo haidrojeni, upepo wa pampu ndio joto linalosukuma. Nikapiga pampu. Ikang'aa. Nikapiga zaidi ili waone uvimbe. Isihaka akanionya kwamba taa hiyo imekwisha kutiwa lehemu. Nikamjibu kwamba nyota nazo hazimwulizi fundi cherehani. Nikapiga tena.

Kioo kilipasuka. Soksi ya taa ikawa unga. Moto uliruka ukashika kanzu ya mteja iliyoning'inia kwenye kamba. Giza! Masizi! Mtu akapiga kelele: "Haidrojeni hiyo, kimbieni!" Vicheko. Asukile aliizima kanzu kwa kofia yake. Sehemu ya pili haikusikika.

Nilipokuwa nikipapasa kutafuta kiatu, Asukile alinisogelea. Akaniuliza, kwa huzuni ya kweli, ni nani aliyeizika. Nikasema nyota haizikwi. Akatikisa kichwa. Akasema kwao Rungwe marehemu asiyeliliwa huleta maneno. Isihaka alikuwa nyuma yetu. Nikamsikia akicheka polepole, peke yake. Sikukipenda kicheko kile.

Jumamosi, 7 Julai

Fedheha!

Nafungua mlango asubuhi, Isihaka amelala kizingitini, amejifunika kitambaa chekundu kutoka kichwani mpaka miguuni. Eti yeye ndiye marehemu. Eti mleta habari ya kifo ndiye mfiwa, na habari nimeileta mimi, kwa hiyo matanga ni kwangu. Na yeye akiwa mtani habanduki mlangoni mpaka apewe haki yake. Nikamwambia aondoke, mzigo alioutua babu yake mpagazi bado unamsubiri njiani. Akajibu bila kufumbua macho: "Maiti habishani na Mzaramo. Leteni uji."

Wakaja wengine. Watani wote! Wanyamwezi, Wasukuma, hata Wangoni, waliosema utani wao ni na Wahehe, na kwa kuwa nyota imefia juu ya nchi ya Wahehe wana haki. Mmoja akavaa miwani yangu, akapanda kiti, akahutubia kwa sauti yangu: "Kuni zikipungua, huvimba!" Akajipiga tumbo. Mwingine akafunga kitabu changu mgongoni kama mtoto, akakibembeleza. Wa tatu akadai urithi ujulikane: marehemu kaacha mwanga kiasi gani, na mjane ni yupi, Mwezi au Zuhura?

Kisha wakaja wasiojua kuwa ni utani. Hilo ndilo baya zaidi. Asukile na kwaya yake, na mkungu wa ndizi. Waliimba taratibu mpaka watani wakanyamaza. Wahehe wa mtaa wa Kihesa wakanipa mkono mmoja mmoja, wakiniamkia kwa kwao, kamwene, pole mzee. Bibi mmoja nisiyemjua alinishika bega akalia machozi. Hata yule dereva wa lori wa Machi alikuja! Sijui alikuwa akitafuta nini.

Uani moto ulikuwa umeshawaka. Masufuria ya chama yako mekoni, unga umekuja, maharage yamekuja, maji yamekuja. Sijui yalitoka wapi. Mambo ya matanga hujiendea yenyewe. Bi Chiku alipita na kupita, majivu usoni. Nikamwomba apunguze kelele za vyombo.

Sukari yangu yote imekwisha.

Walipotawanyika jioni nilibaki uani naitazama ile nyota nyekundu. Nikaikumbuka Mbwamaji. Naijua kisima kwa kisima. Naujua msikiti mdogo wenye ngazi iliyomeguka pembe ya kushoto, na kibaraza alipokaa mama akisuka ukili. Lakini hiyo ni Mbwamaji ya mwaka nilioondoka. Sijapata barua tangu kabla ya vita. Huenda kibaraza hakipo, msikiti haupo, na ninachokitazama mimi ni nuru tu iliyokuwa njiani. Nikaingia ndani. Baridi.

Jumapili, 8 Julai

Mkutano. Nilivaa kanzu safi na sura ya msamaha.

Isihaka alisimama wa kwanza. Nilijua atajitaja. Hakujitaja! Alisema jana aliona jambo ambalo hajaliona tangu ashuke Iringa. Marehemu hana jina, hana ndugu, yuko mbali kusikofikika, na bado Mlandege nzima ilitoka kumlilia, wa msikiti na wa kanisa. Akasema aliyeweza kuwaita watu hivyo ndiye anayefaa kutuitia watu siku zetu zikifika. Akasema: mwenyekiti awe Mzee Alawi. Makofi! Asukile akasema amina. Dirishani, walikosimama wanawake, mtu akapiga kigelegele.

Nikauona mtego mara moja. Mtani hakupi kiti asichokiwekea mwiba. Nikasimama. Nikasema sitafanywa kichekesho mara mbili kwa juma moja. Nikawakumbusha kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha. Nikataja heshima, umri, na kioo cha karabai.

Isihaka akaniuliza, kwa sauti ndogo nisiyoizoea, kama nakataa kweli. Akasema: "Mzee wangu, leo sitanii." Nikamjibu hivyo ndivyo wasemavyo wanaotania. Nikakataa tena. Nikakataa mara ya tatu ili iingie kwenye kumbukumbu za mkutano. Nikaiingiza mwenyewe, kwa mwandiko mzuri.

Kiti akapewa Philbert, mpishi wa misheni, aliyekuwa akisinzia pembeni. Alipoamshwa alidhani chakula kiko tayari.

Nimemshinda Isihaka! Kiti hakukipata.

Jumatatu, 9 Julai

Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu. Hata mimi sikukipata.

Bi Chiku alikuja kurudisha ufunguo. Nikamwambia ukweli wote, maana hana tabia ya kucheka: katika Iringa hii simwoni wa kunibeba. Nimepiga hesabu. Asukile, labda, kama hana kazi ya ujenzi. Yeye mwenyewe Bi Chiku siwezi kumhesabu, wanawake hawaendi makaburini. Akaniuliza je, wale wa Jumamosi? Nikamweleza kwa upole kwamba wale hawakuja kwa ajili yangu. Walikuja kwa ajili ya nyota.

Akautundika ufunguo msumarini. Akasema: "Mzee Alawi, hapa Mlandege nani anamjua nyota?"

Akaenda zake. Mwanamke mwema, lakini hoja hafuati.

Siwezi kukaa. Chumba kimekuwa kidogo. Nimeamua kuhamia Mbeya. Kule nako wapo wageni, na wageni wote hufa.

Alhamisi, 12 Julai. Nyololo.

Basi limesimama, injini inapozwa. Naandika gotini.

Kuondoka kulikuwa kwa taabu. Stendi ilijaa watu hata dereva akauliza kama kuna mtu mkubwa anasafiri. Kwaya ilikuwepo. Wangoni walikuwepo, wakidai mabati ya nyumba yangu. Bi Chiku alileta kapu la maandazi, akasema atanitunzia chumba, kisipangishwe mtu, maana nitarudi. Nikamwambia sirudi. Akasema ndiyo, mzee, na ufunguo wa chumba akautia kifundoni mwa kanga yake.

Isihaka alinipa koti zito alilolishona mwenyewe, la kipimo changu hasa, ingawa hajanipima hata siku moja. Eti Mbeya baridi yake ni kali kuliko ulimi wangu. Nimelichunguza tangu Iringa, mfuko kwa mfuko, na bitana pia. Nimekuta karanga. Bado sijaujua ujanja wake. Alisimama stendi akipunga mkono mpaka vumbi likamfunika.

Wamekuja kuhakikisha kwamba naondoka. Basi na waridhike.

Mbeya sitarudia makosa. Nimeyachambua moja moja tangu Mafinga, na kosa kubwa nimeliona: nyota ile ilikuwa mbali mno. Haina jamaa, ndiyo maana ikawa rahisi kuifanyia mzaha. Safari hii nitaanza na Jua. Nalo ni nyota. Nalo kuni zake zina mwisho. Litavimba, litakuwa jekundu, huenda litatumeza, kisha litasinyaa na kupoa. Idadi ya miaka sitaitaja. Miaka hupunguza uzito wa habari.

Nitafikia Mbalizi kwanza, jirani na Mbeya, siku ya soko, watu wawe wengi, nami niwe wa kwanza kuwaambia. Hapo hapatakuwa na utani. Mnyakyusa, Msafwa, Msangu, Mnyamwezi, hakuna hata mmoja atakayeweza kusema hamjui marehemu.