Kijito cha Kiwanja Nambari Nane

Jumatano, 9 Julai. Hifadhi ya Jimbo ya Stillhouse, milimani West Virginia.

Tumefika! Hema limesimama kwa jaribio la tatu tu. Rekodi.

Kuna kasoro ndogo. Tovuti ya hifadhi iliandika kwamba kiwanja nambari nane kiko karibu na kijito. Karibu kwa kunguru anayeruka, labda. Kijito kiko hatua tisini chini yetu, nyuma ya nambari saba. Sisi tuko karibu na vyoo. Kila anayeingia namsikia akisalimiana na anayetoka.

Januari, nafasi zilipofunguliwa saa mbili kamili asubuhi, kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe. Nambari saba ikaondoka dakika ileile. Mwizi wangu nimeshamjua: Virgil Cutlip, mpeleka barua mstaafu, yuko na mkewe Opal kwenye trela la kulala lenye mapazia ya bluu. Mwaka wa kumi na moja mfululizo! Utadhani kijito alikirithi kwa babu yake.

Mke wangu Darlene hakulalamika. Alikaa kwenye kiti chake, akatega sikio, akasikia choo kikivuta maji. Kisha akaniambia, kwa upole ule ninaouogopa, kwamba nilimwahidi.

Kweli nilimwahidi. Tulipooana, miaka ishirini na tano iliyopita, tulilala palepale nambari saba, na nilimwambia atalala tena akisikia maji yale. Dada yake, Rhonda, anataka mwakani twende naye baharini, Carolina, wiki mbili nzima, pamoja na mumewe asiyejua kuzungumza lolote ila mashua yake. Darlene atampa jibu Jumapili. Nina siku nne za kumpatia kijito chake. Zinatosha na kubaki.

Alhamisi, 10 Julai.

Mpango wa kwanza: dubu.

Asubuhi nilishuka kwa Virgil na kikombe cha kahawa na uso wa msiba. Nikamwambia kaonekana dubu, dume la nguvu, nyuma kabisa ya trela lake. Nikasema mimi dubu hawanitishi, kwa hiyo, kwa ujirani mwema tu, tubadilishane viwanja.

Virgil alinishika bega. Machozi yalimlengalenga. Akasema miaka kumi na moja anamngoja dubu! Akamwita Opal alete kamera. Kufika saa sita mchana kambi nzima ilikuwa imehamia nambari saba na viti vyao, na Opal anawapakulia maharage na mkate wa mahindi. Mzee wa nambari kumi na mbili aliapa naye kamwona, tena wako wawili.

Nauhesabu kuwa ushindi. Sijawahi kuaminiwa na watu wengi namna hii kwa siku moja.

Darlene naye alikwenda. Alirudi jioni akisema Opal ni mtu mwema sana. Usaliti mtupu!

Ijumaa, 11 Julai.

Nimeipata! Kama sisi hatuwezi kuhamia kijitoni, kijito kitahamia kwetu.

Nyuma ya hema letu kuna mfereji mkavu wa zamani. Nimeufuata kupanda mlima hadi unapoanzia, kwenye kona ya kijito, juu kabisa ya vyoo. Nikapima kwa pima maji yangu, maana mimi kazi ya mabomba nimeifanya miaka ishirini na sita na siendi popote bila vifaa. Mteremko safi! Kinachozuia maji yasiingie mferejini ni mawe tu. Nikiyahamisha upande wa pili, maji yatanijia yenyewe.

Nikaanza na mtaimbo. Mara akatokea Loretta, msimamizi wa kambi, mama wa kujitolea mwenye kigari cha betri na filimbi shingoni. Aliniuliza mtaimbo ni wa nini. Nikasema mgongo unanisumbua, natembelea. Akanishika mkono hadi kwenye kibao kinachokataza watu kuinua mawe ya kijito. Kina picha ya salamanda mkubwa, mnyama wa majini mwenye umbo la mjusi, mrefu kama mkono wa mtu, ambaye huishi chini ya mawe hayo. Loretta akasema hajaonekana hapa miaka sita, na wao bado wanamngoja. Kisha akanisogezea uso: “Bwana Haymond, ukiigusa nyumba yake, mimi nitaigusa yako.”

Nilimwahidi kwamba sitainua jiwe hata moja. Na mimi ni mtu wa neno langu. Sikuinua. Nilibingirisha. Mawe thelathini na manne kufikia jioni. Limebaki moja, lile babu yao. Mikono imevimba. Moyo unaimba.

Jumamosi, 12 Julai.

Jiwe la mwisho lilitoka saa moja asubuhi. Nikakimbia kuteremka nifike hemani kabla ya maji. Nikafika wa kwanza!

Darlene alikuwa mezani anakaanga mayai. Maji yakaja mferejini taratibu, upana wa kidole. Kisha upana wa mkono. Kisha sauti! Darlene akaweka mwiko chini, akafumba macho, akasema, “Delbert, ni sauti ileile.” Nililia. Naandika bila aibu: nililia. Ni ushindi mkubwa kuliko wote maishani mwangu, nao ulidumu karibu robo saa.

Jambo moja lilinipita. Kazini huwa kuna koki.

Kijito hakikujua kwamba kimeshatosha. Kilipanda ukingo, kikaingia hemani kwa mlango wa mbele, kikatokea ubavuni. Mifuko ya kulalia ikatoka mmoja baada ya mwingine, kwa adabu. Kiatu changu cha kushoto kikaelekea kusikojulikana. Huko chini, nambari saba ikakauka. Tikitimaji la Virgil, alilolizamisha majini lipoe, likabaki juu ya tope, na Virgil kasimama mbele yake kama mfiwa. Ndipo akaanza kuyatafuta maji yake, akapanda, akayakuta yakinifikia magotini, na mimi nimeshika kikaango.

Hakunitukana. Aliuliza tu, “Jirani, hicho si kijito changu?”

Loretta alifika akipiga filimbi. Alikuwa ameshafungua mdomo Darlene alipomnyamazisha kwa mkono, akaonyesha ndani ya hema. Juu ya mto wangu alikuwa amelala mnyama mnene wa kahawia, kichwa bapa kana kwamba kimekanyagwa, ngozi inateleza kama sabuni. Salamanda! Loretta alivua kofia. Miaka sita, akanong'ona, miaka sita.

Nikaeleza papo hapo kwamba kazi yote ile ilikuwa ya utafiti.

Loretta hakuukubali utafiti. Alimrudisha salamanda kijitoni kwenye ndoo ya maji, kisha akasema kila jiwe nitalirudisha kwa mikono yangu, bila mtaimbo. Kambi ikaja na viti. Nilifanya kazi mbele ya watu thelathini hadi saa kumi jioni, wakinishangilia kila jiwe. Loretta alihesabu thelathini na moja, akaridhika.

Matandiko yote maji matupu. Opal akamwambia Darlene akalale kwao, kuna kitanda kidogo chini ya dirisha, juu kabisa ya kijito. Mimi nikaelekezwa garini.

Jumapili, 13 Julai.

USHINDI!

Darlene kalala fofofo, dirisha wazi, kijito sikioni. Niliahidi nini? Kwamba atalala nambari saba akisikia maji. Amelala wapi? Nani anaweza kubisha?

Akampigia Rhonda simu mbele yangu. Bahari hapana, akasema, mwakani ni hapahapa. Nilicheza kwa kiatu kimoja. Kisha nikasikia yaliyobaki: Opal kamkaribisha kwenye kitanda cha dirishani, wiki nzima. Akanifuta tope shavuni, akasema nilijitahidi kweli, na kwamba nambari nane itanifaa sana. Loretta naye kasema naweza kuja, mradi alipekue gari langu kabla sijapita getini.

Virgil alinipa mkono. Alisema salamanda alikuwa mzuri, ila dubu ndiye hasa anayemtaka. Nikamwahidi dubu.

Mawe manne ambayo Loretta hakuyajua nimeyaficha kwenye vichaka pale konani, nimeyatia alama ya chaki. Leo asubuhi, wakati Darlene akinywa kahawa na Opal, nilipanda tena na pima maji. Kuna mfereji wa pili! Mteremko wake ni mpole kuliko ule wa kwanza, na safari hii nitaweka koki. Unapita katikati ya vyoo, lakini hilo si tatizo kwa fundi bomba.