Roketi Yangu Haitakuwa Ungo

Jumatatu, 14 Julai 2025
Mohammedtaqi, mwenye mashine ya kuchapa vitabu, ameniita dukani kwake. Amenirudishia riwaya yangu ya anga za juu. Miaka sita ya jasho! Anasema nyota haziuziki, watu wanataka mapenzi na uchawi. Roketi igeuke ungo, rubani awe mchawi, na mtu apendwe kabla ya sura ya pili. La sivyo, Ijumaa nafasi yangu anapewa Theresia, jirani yangu hapa Shangani, ambaye kila mwaka humwandika bibi harusi yuleyule kwa jina jipya. Nikamwambia sayansi haipandi ungo. Nikatoka kwa hasira. Nikarudi kuchukua miwani.

Jumatano, 16 Julai
Mbinu nimeipata. Mohammedtaqi hasomi zaidi ya kurasa kumi, Theresia mwenyewe aliwahi kusema. Basi kurasa kumi za mwanzo nimejaza ungo, hirizi na wapenzi wawili. Ukurasa wa kumi na moja ungo unashika moto, wapenzi wanakufa, na roketi inaruka kutoka pwani ya Mnazi Bay. Sibadilishi kitu kingine.

Ijumaa, 18 Julai
Amekubali. Ila neno roketi hataki kuliona kwenye jalada, eti linatisha wateja. Nikaandika "Chombo cha Mwisho". Chombo cha anga, nani asiyejua? Nimemshinda. Picha ya jalada anachora Paulo, mchora mabango wa sokoni. Nimempigia simu nikamtajia jina la kitabu. Msanii hafundishwi kazi.

Jumamosi, 26 Julai
Vitabu vimetoka. Paulo kachora sufuria. Sufuria mpya yenye mfuniko, inafuka mvuke. Nimeumia sana. Nilipomfuata akasema nilimwambia chombo, na hicho ndicho chombo. Mohammedtaqi anaona kimependeza. Theresia akapita kuuliza kama pweza yumo. Roketi bado imo ndani, hiyo hawaninyang'anyi.

Jumapili, 3 Agosti
Vimekwisha! Vya Theresia vipo palepale, vinakula vumbi. Mwanahawa, msimamizi wa kicheni pati, zile sherehe za kumpa bibi harusi vyombo vya jikoni, kabeba vyote vilivyobaki, awazawadie maharusi pamoja na vyombo vyao. Mke wangu Rehana anasema watu wamenunua sufuria. Nikamweleza kwamba umma una njaa ya sayansi. Akaendelea kuosha sahani.

Jumatano, 6 Agosti
Bibi harusi mmoja, Mgeni, kabisha hodi na kitabu mkononi. Kasema ametafuta pilau mpaka ukurasa wa mwisho, akakuta rubani amebakiwa na hewa ya saa moja, na kitabu kimeishia hapo. Nikajiandaa kutukanwa. Akauliza kama rubani atafika, maana tangu jana hapiki vizuri kwa kumuwaza. Machozi yalinilenga, nikamwahidi atafika. Msomaji wangu wa kwanza.

Alhamisi, 7 Agosti
Mohammedtaqi anataka kitabu cha pili, safari hii mapishi matupu. Hanipati. Kurasa kumi za mwanzo nitampa pilau lake. Ukurasa wa kumi na moja rubani anapata hewa. Nilimwahidi Mgeni. Jina limekuja lenyewe: "Mtungi". Mtungi wa hewa, nani asiyejua? Nimeshampigia Paulo, nikamtajia jina tu.